Semina za kubuni miradi ya kubadilishana vijana na nchi za nje: mbona tukishapewa cheti hakuna mradi unaotoka?

#1 MangiMdogo_Kiboriloni
Wakuu habari za jioni.
Mwaka juzi nilichaguliwa kwenda mafunzo ya siku 6 pale Usa River, ya viongozi vijana, jinsi ya kubuni mradi wa kubadilishana vijana kimataifa. Yaani vijana wa kwetu waende nje, wa nje waje huku, wakae wiki moja mbili wanafanya kitu pamoja. Tulikuwa watu 24, Moshi, Arusha, Karatu mpaka Babati. Tulifundishwa mti wa matatizo (mchoro wa tatizo, chanzo chake na athari zake), malengo, ratiba ya siku kwa siku, bajeti, usalama wa washiriki, tathmini, yaani kuta za ukumbi zilijaa makaratasi hadi rangi ya ukuta haionekani. Siku ya mwisho kila kundi likaeleza wazo lake, tukapigiana makofi, picha, cheti, nauli, kwaheri.
Leo nimekaa nikahesabu. Kati ya watu 24 andiko la kuomba ufadhili lililotumwa kweli kweli ni moja na lilikataliwa (nilikuwemo kwenye hilo). Grupu la WhatsApp sasa hivi ni salamu za Jumapili na matangazo ya viwanja vya Chekereni.
Swali: tatizo ni sisi, ni mafunzo, au mchezo wenyewe una wenyewe?

#2 Kambi_Popote
Naweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi.

#3 CHALII_SOMBETINI
Aisee mbona jibu liko wazi. Watu wanaenda semina kufuata posho na chai ya saa nne. Mimi niliwahi kukaa na chalii mmoja kwenye semina ya namna hiyo, hajui hata mada ni nini, yeye anajua tu siku ya tatu kuna nyama choma. Na majina ya kwenda yanapitishwa na nani? Na shangazi yake aliyeko ofisini. Unategemea huyo aandike andiko la kurasa 30 kwa Kiingereza saa sita za usiku? Thubutu.

#4 Mama_Njoro
Nimewezesha semina hizi miaka kadhaa kwa hiyo naomba niseme kwa upole. CHALII wa posti #3 wapo hao wa nyama choma, siwakatai, ila si wote. Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba siku 6 tunatumia 4 kwenye michezo ya kuchangamshana na kujitambua, bajeti tunaikuta Ijumaa mchana watu wameshafunga mabegi. Na bajeti ndiyo mradi wenyewe wanangu! Ukijua kitanda kinagharimu kiasi gani na Coaster kiasi gani, wazo lako linabadilika lenyewe, siku zinapungua, watu wanapungua, mada inakaa sawa. Sisi tunafundisha kinyume, kwanza ndoto halafu hela mwishoni, na hela ikija ndoto inakufa.
Nikishauri waanze na bajeti naambiwa nitawatisha vijana. Haya.

#5 BinSaidi_Kaloleni
Mnalalamika bure. Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya ipo wazi kabisa, vijana wa miaka 13 hadi 30, siku 5 hadi 21, wanalipa nauli, malazi, kila kitu. Ni kuingia tu mtandaoni na kuomba. Mmelala vijana wa kaskazini mnapenda biashara tu.

#6 Tumaini_Majengo
@BinSaidi samahani mkuu hapo umechanganya na wewe ndiye unayefanya watu wapoteze wiki nzima kujaza kitu kisicho chao. Hiyo miaka 13 mpaka 30 na siku 5 mpaka 21 ni kweli, ila ni ya ile sehemu ya mabadilishano ya vijana, na hiyo ni ya nchi za Ulaya na majirani zao wa Balkani, mashariki ya Ulaya na Mediterania ya kusini. Tanzania haimo. Sehemu ambayo sisi wa kusini mwa Sahara tumefunguliwa ni ile ya kujenga uwezo kwenye sekta ya vijana, na ile ni shirika kwa shirika, siyo wewe na marafiki zako watano wa Kaloleni.
Kingine kila mfuko una umri wake na watu hawasomi. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema kijana ni 15 hadi 35, sera yetu ya vijana ya 2007 hivyo hivyo, kwa hiyo ukikua hapa unajiona kijana tu. Unafika kwa Wajerumani, mpango wao wa kujitolea unaoitwa weltwärts, unakuta mwisho 28. Zile safari zao za makundi 16 hadi 30. Wanorwe na shirika lao la mabadilishano, Norec, ndio wenye huruma, 18 hadi 35.

#7 CHALII_SOMBETINI
Hahaha Wanorwe wamejua sisi tunachelewa kukua. @BinSaidi vipi, kimya?

#8 BinSaidi_Kaloleni
Nimekubali nimechanganya. Lakini weltwärts si ni ya kuleta Wajerumani kuja huku kujitolea? Wale watoto wa miaka 19 wanaotembea na ndala pale stendi ndogo. Sisi tunaingiaje hapo.

#9 Tumaini_Majengo
Ilianza hivyo 2008, Mjerumani anakuja. Tangu 2013 kuna upande wa pili, wa huku wanaenda kule mwaka mzima. Na hiyo ya makundi niliyosema ni mlango tofauti, lazima mada ishike lengo mojawapo la maendeleo endelevu. Ila mwombaji ni shirika la Ujerumani, wewe wa huku ni patna. Ukiwa huna Mjerumani anayekujua vizuri huna mradi, hata andiko lako liwe tamu namna gani.
Ila Moshi hamna kisingizio, mna udugu na mji wa Tübingen tangu 2014.

#10 MangiMdogo_Kiboriloni
Asante Tumaini, umegusa kidonda. Letu lilikataliwa hivyo hivyo. Patna tulimpata mtandaoni zimebaki siku 9 kufika dedilaini. Mada tukaweka mabadiliko ya tabianchi kwa sababu mwezeshaji alisema ndiyo inayopendwa. Yule dada wa kule akatuuliza swali moja tu kwenye simu, "vijana wenu wenyewe wamesema wanataka nini?" tukaangaliana. Hatukuwa tumemuuliza kijana yeyote. Mti wa matatizo tuliuchora watu sita ndani ya ukumbi wenye feni.
Na usajili hatukuwa nao, tuliazima wa kikundi cha kwaya.

#11 Kambi_Popote
KWAYA 😂😂 nimecheka hadi abiria wenzangu kwenye hiace wamegeuka

#12 KatibuKata_Mstaafu
Mmefika kwenye eneo langu. Vijana wengi wanadhani mradi ni andiko. Mradi ni makaratasi yaliyo nyuma ya andiko. Kikundi cha kijamii kinasajiliwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii, mnahitaji katiba, orodha ya wanachama, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki yenye watia saini. Mkitaka kuwa shirika lisilo la kiserikali ni sheria ya 2002, kwa Msajili, na kila mwaka ripoti na ada. Na mkataba wa fedha za wafadhili ukizidi milioni 20 unatakiwa upelekwe huko huko ukaonekane. Haya hakuna semina inayofundisha maana hayana michezo.
La pili ni wageni wakija. Niliwahi kuitwa kwenye kijiji fulani, vijana wa Kizungu kumi na kitu wamekuja na viza ya utalii halafu wanapaka rangi darasa. Nia nzuri kabisa, watoto wanaimba, mwalimu mkuu anatabasamu. Wakaja watu wa Uhamiaji. Kupaka rangi ni kazi, hata kama hulipwi. Kuna kibali cha kazi ya muda mfupi, na wanaokaa muda mrefu kujitolea wana kibali cha ukaazi daraja C. Yule kiongozi wa kikundi chetu alikuwa na cheti cha mafunzo kama chako MangiMdogo, cha rangi, kimewekwa fremu. Ratiba yake ilikuwa na dakika za kunywa chai lakini haikuwa na neno viza popote.

#13 dada_wa_Pasua
Mie niliwahi kwenda kweli, kundi la watu 8, siku 16 Ujerumani, na wao walikuja huku mwaka uliotangulia. Nawapa ya upande wa kwenda.
Pasipoti 150,000 kila mtu na hapo uwe na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), wawili hawakuwa na namba wakaanza kuhangaika. Basi la usiku mpaka Dar kwa ajili ya alama za vidole za viza, mkirudi mmeshatumia hela ya mwezi. Bima lazima iwe ya kuanzia euro elfu 30. Barua ya mwaliko ikakosewa jina la mmoja, ikarudiwa. Mwenzetu mmoja akanyimwa, sababu "haijathibitika atarudi", ana mtoto wa miaka miwili na duka la vifaa vya simu Mbuyuni lakini sijui walitaka nini zaidi. Tukaenda 7. Zile siku mbili za mwanzo kule hakuna aliyefurahi.
Halafu lililoniuma, ada ya viza tulilipa euro 80 kila mtu. Baada ya kurudi ndiyo nikasoma kwamba kijana wa miaka 25 kushuka chini anayewakilisha shirika lisilo la faida kwenye tukio la elimu au utamaduni lililoandaliwa na shirika lisilo la faida, halipi ile ada. Ipo kwenye kanuni zao za viza ya Schengen. Ada ya wakala anayepokea maombi ndiyo inabaki. Watano kati yetu walikuwa chini ya 25!! Euro 400 tumewaachia. Hakuna aliyetuambia, si mwezeshaji wala patna.

#14 Tumaini_Majengo
Nyongeza kwa dada wa Pasua, ada ya viza sasa ni euro 90, ilipanda Juni 2024. Na maombi unaweza kuyapeleka hadi miezi 6 kabla ya safari, wengi wanasubiri wiki tatu za mwisho kwa sababu barua ya mwaliko imechelewa. Hilo la 25 hata mimi sikulijua, asante sana.

#15 Mzee_wa_Njiro
Mnazungumza kama vile haya mambo ni mapya. Ile ICS, mpango wa kujitolea wa Waingereza, ilianza 2011, vijana wa miaka 18 hadi 25, Mwingereza mmoja na Mtanzania mmoja wanapangwa pamoja wiki 10 au 12, wanalala nyumba moja kwa familia kijijini. Mimi nilipokea wawili. Yule wa Uingereza alijifunza kuchota maji, yule wetu wa Dar pia alijifunza kuchota maji, maana wote hawakujua! Hapo ndipo nilipoona maana ya kubadilishana. Fedha zilipokatwa kule London huku kila kitu kikasimama, ofisi zikafungwa, magari yakauzwa. Kwa hiyo MangiMdogo jibu langu ni kwamba mafunzo si tatizo na nyie si tatizo. Mpishi ni mwingine, chungu ni chake, na kuni ni zake, akizima moto mnalala njaa hata kama mnajua kupika.

#16 BinSaidi_Kaloleni
Mzee heshima yako. Ila mimi naona tuseme ukweli ambao watu wanauogopa, lugha. Fomu ni Kiingereza cha ajabu ajabu hata aliyemaliza chuo anakwama. "Matokeo", "athari", "mafanikio" kwa Kiswahili tunayatumia ovyo, kule kila moja ina boksi lake. Semina inaendeshwa Kiswahili kizuri kila mtu anaelewa, fomu inakuja Kiingereza cha ofisini. Vijana wenye mawazo mazuri wa Sanya Juu na Monduli wanakaa kimya, anayeandika ni yule aliyesoma shule ya kulipia, na huyo shida za Monduli hazijui.

#17 Mama_Njoro
@BinSaidi hapo upo sahihi nusu. Nimeona andiko lenye Kiingereza kibovu kikapita kwa sababu ratiba ilikuwa na akili: siku ya kwanza wanapumzika safari na kufahamiana, asubuhi kazi, jioni makundi ya kila nchi yanakaa peke yake na kiongozi wao kuzungumza siku imeendaje, katikati ya wiki tathmini ndogo, siku ya mwisho nani atafanya nini akirudi. Na nimeona Kiingereza cha BBC kikaanguka kwa sababu siku saba zote ni kutembelea vivutio. Hifadhi Jumanne, maporomoko Jumatano, soko la Wamasai Alhamisi. Hiyo ni utalii, jamani.

#18 Lumi_Himo
Nimesoma wote kimya, nimeona bora niandike. Sisi tulikuwa vijana 10 wa Himo na Kahe tukafanya na vijana 10 wa Taveta, Kenya. Hakuna ndege, hakuna fomu ya Ulaya, hakuna mtu aliyekwenda Dar. Holili unavuka unafika. Wazo lilitoka kwenye ugomvi wa kawaida tu wa mpira, tulienda kucheza kule watu wakaanza kubishana nani anamaliza maji, sisi wa juu au wao wa chini. Mto Lumi unatoka Kilimanjaro unapita kwao unaingia Ziwa Jipe, na Jipe nusu ni yetu upande wa Mwanga nusu ni yao, na matete yanalimeza ziwa pande zote mbili. Kila upande unasema ni makosa ya mwenzake. Tukasema basi tutembee mto pamoja siku 5.
Bajeti ilikuwa milioni 4 na laki 1 jumla. Tulilala hosteli ya kanisa upande wetu siku 3 na kwenye familia upande wao siku 2. Mpishi mama mmoja na binti yake. Laki 9 zilitoka kwa mfanyabiashara wa mahindi anayevusha mizigo hapo hapo mpakani, laki 6 harambee (Wakenya kwenye harambee acha kabisa, simu tatu tu), zilizobaki shirika dogo la maji. Sisi tulitumia hati ya dharura ya safari ya Uhamiaji kwa wasio na pasipoti, na kadi ya homa ya manjano.
Makosa tuliyofanya: hatukuweka kiongozi wa kike upande wetu na mabinti walikuwa 4, siku ya pili mmoja akaugua akawa hana wa kumwambia, tukampigia dada yangu aje kutoka Himo usiku. Barua za wazazi kwa waliokuwa chini ya miaka 18 tulikusanya baada ya kuondoka, aibu. Na siku ya 4 watu walichoka wakagoma kutembea, ratiba ilikuwa ya kijeshi.
Lakini mpaka leo vile vikundi viwili vina grupu moja na mafuriko yakianza juu wanapeana taarifa. Sikuhudhuria semina yoyote, aliyetusaidia ratiba ni mwalimu wa skauti.

#19 CHALII_SOMBETINI
Hongera Lumi ila na wewe, Taveta ndiyo kimataifa? Himo na Taveta mnasalimiana kwa kupaza sauti tu. Mimi nikisema nimeenda kimataifa nataka KIA, dirisha, chakula kwenye trei.

#20 Lumi_Himo
Trei utaletewa lakini ukirudi utatueleza nini zaidi ya trei 😄

#21 Mzee_wa_Njiro
CHALII mwanangu, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako mjini kwako hapo, unapita kila siku na bodaboda. Halafu Taveta unaiona si kimataifa. Haya bwana.

#22 Tumaini_Majengo
Mimi naomba nibishane na Lumi kidogo kwa heshima. Ya mpakani ni nzuri na rahisi, sawa, lakini vijana wanaotoka mbali kabisa na kwao wanajifunza kitu kingine. Mimi sikujua kuwa ninachukulia saa kirahisi hadi nilipokaa na watu wa Norway (ile iliyokuwa FK, sasa Norec), kikao saa tatu wao saa tatu kasoro tano wamekaa, mimi nafika tatu na robo najiona nimewahi. Taveta hutajifunza hilo, nao wanachelewa kama wewe.

#23 dada_wa_Pasua
Hapo kwenye saa nakuunga mkono. Ila mbona kwenye chakula hamjagusa? Usiku wa utamaduni sisi tulipika mtori, ndizi tulibeba wenyewe zikafika zimeiva zikawa tamu. Mtori mtamu kama uji wa mtoto. Wenzetu wakasema ni dizati nzuri sana.

#24 Kambi_Popote
Mtori dizati. Sitasahau huu uzi.

#25 Ngarenaro_Kaskazini
Bora nyie, wa kwetu walitengeneza loshoro kwa mtindi wa dukani kule. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, je, kuna aliyewahi kuivusha?

#26 KatibuKata_Mstaafu
Msianze mambo ya mbege, niliwaambia habari za Uhamiaji hapo juu.

#27 MangiMdogo_Kiboriloni
Nimesoma yote, asanteni. Mama Njoro anasema bajeti ianze, Katibu anasema usajili, BinSaidi lugha, Mzee anasema mpishi, Lumi anasema vuka mpaka. Sijui bado nimwamini nani zaidi, lakini najua kwamba sisi sita wa lile andiko hatukuwahi kumuuliza kijana wa Kiboriloni hata mmoja. Lumi nimekutumia ujumbe inboksi, nataka kuiona ile ratiba ya siku 5, hata ile ya kijeshi.
Katibu, swali: katiba ya kikundi lazima iandikwe na mwanasheria?

#28 KatibuKata_Mstaafu
Hapana. Nenda na daftari kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, atakupa mfano, mnaijadili kwenye kikao mnaandika muhtasari mnasaini wote. Muhtasari usisahau, ndio wengi wanarudishwa. Na nendeni asubuhi.

#29 CHALII_SOMBETINI
Mkianza semina yenu mnijulishe. Nyama choma siku ya ngapi?